Mji Mdogo, Mapenzi Mengi, Siri Moja: Riwaya ya Mahaba na Taharuki kati ya Bwizibwera na Nakivale

Riwaya ya mapenzi ya mji mdogo ni hadithi ya wapendanao kadhaa wanaoishi mahali ambapo kila mtu anajua mlango wa mwenzake. Wapenzi wawili peke yao hawatoshi. Dada anapendana na mwalimu mgeni, kaka yake ana mke aliyeondoka na sasa amerudi, mjane mwenye duka la dawa anaposwa na mtu aliyemkopesha marehemu mumewe fedha. Chini ya mahaba yote hayo limelala jambo lililofichwa, liwe kifo, deni au mtoto asiyetajwa baba, na kila nyumba imeshika kipande chake. Msomaji huvutwa na maswali mawili: nani atamwoa nani, na ni nini hasa kilichotokea. Ustadi wa utanzu huu ni kuyafanya maswali hayo mawili yawe swali moja, kiasi kwamba ndoa isiwezekane mpaka siri ijulikane.

Huko Uingereza na Marekani ukoo wake ni mrefu. George Eliot, katika Middlemarch iliyotoka kwa sehemu mwaka 1871 na 1872, alifuma ndoa kadhaa za mji mmoja wa mkoani pamoja na aibu ya zamani ya mwenye benki wa mji huo. Grace Metalious alichapisha Peyton Place mwaka 1956, na Wamarekani wakaona miji yao midogo ikivuliwa nguo hadharani. Baadaye mtindo wa vitabu vya mfululizo ukashika: Debbie Macomber alianza Cedar Cove mwaka 2001, Robyn Carr akaanza Virgin River mwaka 2007. Katika mifululizo hiyo kila kitabu kina wapenzi wake wakuu, lakini wa vitabu vilivyotangulia wanaendelea kuonekana mjini, wakiwa na watoto, madeni na ugomvi wao. Tangu mwaka 2019 Virgin River ni tamthilia ya Netflix.

Katika Kiswahili viungo vyote vya utanzu huu vipo, ila vimekaa mbalimbali. Taharuki ilitangulia. Muhammed Said Abdulla alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, akamleta Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko chake. Katika vitabu vilivyofuata, mara nyingi ufumbuzi ulipatikana katika nasaba, ndoa na uzazi uliofichwa. Somo hilo halijasifiwa vya kutosha: katika jamii ndogo mzizi wa uhalifu hutafutwa nyumbani, kwa kuuliza nani ni mtoto wa nani. Hata hivyo, kuanzia miaka ya 1970 taharuki ilihamia Dar es Salaam na miji mikuu mingine. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni wanaume wa safari na bastola. Mwanamke kwao ni kituo cha njiani, na mji hauwadai chochote wanapoondoka.

Mapenzi nayo yalishika njia nyingine. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ina mahali padogo panapojulikana vizuri, kisiwa cha Ukerewe, na ina familia iliyochorwa kwa uchungu wa kweli. Lakini humo mapenzi ni njia ya maangamizi, na msichana ndiye anayelipa. Riwaya nyingi za miaka iliyofuata ziliirithi hukumu hiyo bila kurithi kina chake. Iliyokaribia zaidi utanzu unaozungumzwa hapa ni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999. Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozwa, anapata hifadhi kwa Mwajuma, anampenda Denge anayesakwa na polisi wa mkoloni. Mtaani humo Unguja penzi na msako vinategemeana: kila anayejua Denge alikojificha anajua pia moyo wa Yasmin ulipo. Filamu yake, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilitoka mwaka 2021. Kinachokosekana bado ni riwaya ya namna hiyo inayokaa bara, katika mji wa njia panda, wenye watu waliotoka nchi nyingi.

Kusini magharibi mwa Uganda kuna mahali panapofaa kabisa. Bwizibwera ni mji wa barabarani, kaskazini mwa Mbarara kwenye njia ya kwenda Ibanda, katika eneo la Kashari lenye ng'ombe na migomba. Nakivale iko upande wa pili, kusini mwa Mbarara, katika wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Makazi hayo ya wakimbizi yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, Watutsi waliokimbia Rwanda wakiwa miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo. Leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine. Anayetoka Nakivale kwenda Bwizibwera kwa kawaida hupitia Mbarara, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Julai 2020. Kwa mtunzi, ramani hiyo ni zawadi. Wapenzi wa pande mbili hukutana Mbarara, mahali wanapodhani hawajulikani, kumbe mwenye bodaboda aliyewapakia anatoka mtaa mmoja na shemeji.

Siri katika mji mdogo ina walinzi wake, na mtunzi anayewajua hahitaji kubuni mpelelezi kutoka nje. Wakala wa kutuma pesa kwa simu anajua nani hupokea fedha kila mwisho wa mwezi na kutoka kwa nani. Mwuguzi wa zahanati anajua tarehe za mimba. Vijana wa stejini wanajua nani alishuka usiku na mzigo gani. Mweka hazina wa kikundi cha akiba anajua nani amekopa kwa jina la mwingine. Kila mmoja ana sababu ya kunyamaza, na kila mmoja ana ndugu asiyeweza kunyamaza.

Aliye mkubwa kuliko wote hao ni mshenga. Kabla ya kuposa, Wanyankole, wenyeji wa eneo hilo, humtumia mtu wa kati aitwaye katerarume, ambaye kazi yake ni kuchunguza: ukoo ni upi, kuna ugonjwa gani, kuna damu gani kati ya nyumba hizi mbili, nani alimkataa nani miaka ishirini iliyopita. Ni upelelezi halali, wenye heshima, unaofanywa kwa kinywaji na maneno ya adabu, na hakuna polisi anayeruhusiwa kuuliza maswali yale. Riwaya ya mapenzi yenye taharuki inayokaa Bwizibwera inaweza kumfanya yeye mhimili wake. Akigundua jambo wakati wa kutafuta habari za bibi harusi, je, atamwambia nani kwanza? Akilificha, posa itakwenda mbele na enjugano, yaani mahari, italipwa ng'ombe kwa ng'ombe. Na siku ya kuhingira, bibi harusi anapokabidhiwa mbele ya wageni, aliyelijua jambo hilo atakuwa ameketi palepale.

Nakivale huleta taharuki ya aina nyingine, inayotoka kwenye karatasi. Kila kaya imeandikishwa, na majina yaliyomo katika hati ya familia ndiyo yanayohesabiwa katika mgao, katika kiwanja na katika kesi ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kutembea nchini, kwa hiyo mapenzi ya nje ya makazi si jambo la ajabu. Lakini ndoa hubadilisha faili. Msichana aliyeandikwa chini ya baba yake, familia ikiwa imeshafanyiwa mahojiano na kupimwa afya ikisubiri safari, akiolewa au akizaa lazima jambo hilo lisemwe, na safari ya watu wote inaweza kusimama. Hapo penzi la watu wawili lina uzito wa nyumba nzima. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimeshauza vyombo zikabaki zilipo. Mtunzi hahitaji kuongeza chumvi: mchumba aliyeachwa kwa ajili ya safari anakutana na aliyemwacha kisimani, na safari haipo.

Kuna pia jambo ambalo vita vya Kongo na Burundi vimelifanya litokee kweli, na ambalo waandishi wa nchi tulivu hulazimika kulibuni: mume aliyeaminiwa amekufa anapatikana yu hai. Shirika la Msalaba Mwekundu lina huduma ya kuwatafuta waliopotezana. Ujumbe kwamba yu hai ukifika kwa mwanamke aliyeolewa tena na kuzaa, hakuna mwovu katika hadithi, na bado kila mtu ana la kupoteza. Taharuki ya namna hii ina hadhi kuliko ile ya muuaji mwenye kisu, maana msomaji hawezi kuomba upande mmoja ushinde.

Kuwaunganisha wapenzi wa nyumba mbalimbali katika riwaya moja kunahitaji kitu kinachoshikika. Watunzi wengi wachanga huwafanya marafiki tu, wakutane kwenye sherehe na kupeana ushauri, na hadithi ikalegea. Wapenzi wa nyumba tatu wanapaswa kugawana mpaka wa shamba, mkopo mmoja, mtoto anayelelewa na mwingine, au duka lenye wabia wawili. Mfano rahisi ni huu: Mkongo mwenye cherehani Nakivale na muuza maziwa wa Bwizibwera wanataka kuoana, kaka wa muuza maziwa ndiye mdhamini wa mkopo wa duka la kitambaa mjini Mbarara, mwenye duka hilo ni mke wa mtu aliyetoweka, na mtu huyo ndiye pekee anayejua kwa nini cherehani ina namba ya kiwanda iliyokwanguliwa. Penzi la kwanza likisonga, mkopo unatikisika. Mkopo ukitikisika, aliyetoweka hutafutwa.

Masikio nayo ni chombo cha upelelezi huko Nakivale. Mtu aliyesema anatoka Bujumbura akiteleza na kuzungumza Kiswahili cha Bukavu alipokasirika, mchumba wake mwenyewe ndiye wa kwanza kusikia. Ugunduzi huo hutokea katikati ya maneno ya mahaba, bila barua iliyopotea wala simu iliyosahaulika mezani.

Utanzu huu una hatari zake, na hazipaswi kufumbiwa macho. Ya kwanza ni kumfanya mkimbizi awe chanzo cha uovu, mgeni anayeleta damu katika mji mtulivu. Hadithi kama hiyo huwaumiza watu halisi, wenye majirani. Ya pili ni kuuita ukali mapenzi. Mwanamume anayemfuatafuata mwanamke au kumzuia ndani hafai kuwa shujaa mwishoni kwa sababu tu amelia. Ya tatu ni kumwozesha mtoto: Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 31, inaweka umri wa kuoa na kuolewa kuwa miaka 18. Riwaya inayolegeza hilo kwa jina la mila imeacha kazi yake.

Njia ya kumfikia msomaji ilishatengenezwa. Magazeti ya Tanzania yaliwazoesha watu kusubiri sehemu inayofuata, na Eric Shigongo alijipatia wasomaji wengi kwa hadithi za namna hiyo. Leo sehemu hizo husambaa kwa simu. Mgawanyo huo unawafaa wapenzi waliofungamana: sehemu moja inaishia kwa wawili hawa, inayofuata inaanzia kwa wale, na jibu lililokosekana mwanzo hupatikana katika nyumba nyingine.

Katika kumalizia, mpangilio ndio mgumu. Siri kubwa ikifichuliwa mapema, ndoa zilizobaki huwa ratiba tu. Ikichelewa mno, msomaji huhisi ameozesha watu asiowajua. Watunzi waliobobea huifungua mara mbili: kwanza mji unajua nusu yake, isiyo sahihi kabisa, na wapenzi wa kwanza wanaachana kwa ajili ya nusu hiyo, kisha nusu ya pili inatolewa na mtu mdogo katika hadithi, wakala wa pesa au bibi anayeuza ndizi, ambaye alikuwa nayo tangu sura ya kwanza na hakuna aliyemuuliza. Ikiwa riwaya ni ya mfululizo, wapenzi wawili huachwa bila jibu kwa ajili ya kitabu kinachofuata, na hao ndio wanaopaswa kuwa wameonekana kidogo kuliko wote.