Mtandao Upo, Intaneti Haipo

Ipo kauli inayosikika sana, hata kwa walimu: anayeanza kutumia intaneti hana haja ya istilahi, aonyeshwe tu pa kubonyeza, maneno atayazoea huko mbele. Kauli hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga, kwa sababu inamtia hasara mkulima wa Ndama, wilayani Karagwe.

Chukueni neno mtandao. Limetokana na kutanda, kitenzi kilekile cha mawingu na cha nyuzi za mfumaji, na ni neno zuri mno. Lakini tumelibebesha kampuni ya simu (“unatumia mtandao gani?”), mawimbi (“mtandao unasumbua”), intaneti yenyewe, na hata kurasa zinazosomwa humo. Sasa tazameni simu ya mkulima huyo aliyesimama mjini Kayanga akisubiri malipo ya kahawa. Vijistari vya mawimbi vimejaa juu ya kioo, lakini ukurasa haufunguki. Akiambiwa “mtandao hakuna”, atapanda kilima kutafuta mawimbi ambayo tayari anayo mkononi. Kilichoisha ni bando. Na pesa yake haikuhitaji bando: *150*00# ya M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu iliyoanza Tanzania mwaka 2008, haipiti kwenye intaneti. Huko Murongo, wilayani Kyerwa, simu yaweza kunasa mawimbi ya Uganda kutoka ng'ambo ya mto Kagera. Hapo bando lipo, mawimbi yapo, na bado hafungui kitu, kwa kuwa mawimbi hayo si ya kampuni iliyomuuzia bando. Maradhi ni mbalimbali, jina ni moja, na mgonjwa hajui aombe dawa gani.

Wavuti nao si intaneti. Intaneti ni kompyuta zilizounganishwa, na kanuni zake za mawasiliano zilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 1983. Wavuti, yaani kurasa zenye viungo tunazozifungua kwa kivinjari, ulipendekezwa na Tim Berners-Lee kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, mwaka 1989. Barua pepe ilikuwepo kabla yake.

Nitaambiwa kwamba istilahi haziamriwi: ngamizi ilipendekezwa, watu wakabaki na kompyuta. Ni kweli, na simtetei mtunzi wa maneno yasiyosemwa na mtu. Nitaambiwa pia kwamba neno simu lilitoka Kiajemi likiwa na maana ya waya, leo waya haupo na hakuna aliyepotea. Hakupotea mtu kwa kuwa simu ni jina la kitu kimoja kinachoshikika. Mtandao umekuwa jina la vitu vingi visivyoonekana. Kwa hiyo nashikilia kwamba intaneti iitwe intaneti, neno la mkopo na lisilotuaibisha, na mawimbi yaitwe mawimbi.

Somo la kwanza linaweza kufanyika kwa simu moja darasani. Mwalimu azime data, apige *150*00#, na menyu ifunguke mbele ya wote. Kisha, data ikiwa bado imezimwa, ajaribu kufungua tovuti yoyote. Wanafunzi waulizwe ni kipi kilichokosekana, na jibu la “mtandao” lisikubaliwe.