Kabla ya Kufungua Kopo: Kutayarisha na Kupaka Rangi Mabati Hapa Bogoro



Mada yangu ni rangi inayobanduka kwenye mabati baada ya msimu mmoja wa mvua. Hapa kijijini Bogoro, Ituri, Kongo, jambo hili lina uzito wake. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji kilishambuliwa, nyumba zilichomwa, na mabati yaling'olewa yakabebwa pamoja na mifugo na vyombo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa amri ya fidia katika kesi ya Germain Katanga, aliyehukumiwa kwa shambulio hilo, Machi 2017, iliwatambua wahanga 297, na msaada wa nyumba ukawa mojawapo ya fidia za pamoja. Mtu aliyengoja paa miaka yote hiyo anastahili kazi inayodumu.

Bati ni chuma kilichovikwa zinki. Mfaransa Stanislas Sorel alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1837, na kanuni yake haijabadilika: chuma huchovywa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi, na zinki huliwa badala ya chuma. Hata palipokwaruzwa, zinki iliyo jirani huendelea kukilinda. Lakini tabaka lenyewe ni jembamba mno. Bati zuri lenye gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, pande mbili zikijumlishwa, lina takriban mikroni 20 tu kila upande. La bei nafuu lina pungufu ya hapo. Kwa hiyo fundi anayelisugua bati jipya kwa brashi ya waya au msasa mkali anaondoa kile kile mwenye nyumba alicholipia.

Lawama nyingi huangukia rangi: eti ni hafifu, eti imechanganywa na tina. Mara nyingi rangi haina kosa. Kosa ni kuchagua rangi ya mafuta. Unyevu unapoifikia zinki chini ya rangi, huzaliwa chumvi zenye ukali kama wa magadi, na magadi yakikutana na mafuta hutoa sabuni, kama wanavyojua wote wanaopika sabuni kwa mawese. Sabuni hiyo hutokea pale pale rangi iliposhika bati, kisha rangi huachia vipande vizima. Ubaya wake ni kwamba haionekani upesi. Wiki ya kwanza rangi inang'aa na imeshika vizuri, fundi analipwa na kuondoka. Miezi ikipita, paa linaanza kuchubuka. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu tunayopaka kwenye madirisha ya chuma cheusi nayo kwa kawaida ni ya mafuta, hivyo haifai kuwa tabaka la kwanza juu ya zinki.

Tumieni rangi ya maji ya akriliki iliyoandikwa kwamba inafaa kwa zinki, au praima maalumu ya zinki kwanza. Someni maandishi ya kopo kabla ya kulipa.

Hata hivyo, akriliki nzuri juu ya bati chafu itabanduka vilevile. Bati jipya hutoka kiwandani na mafuta mepesi, au dawa ya kuzuia madoa, ambayo jicho halioni. Limwagieni maji: yakikusanyika matone, mafuta bado yapo, yakitandaa sawasawa, limetakata. Osheni kwa maji ya moto na sabuni kwa brashi laini ya nailoni, kisha suuzeni kwa maji mengi mpaka povu liishe. Siki, inayosifiwa sana, hula zinki kidogo lakini haiondoi mafuta.

Kuna pia unga mweupe. Mabati yanayovuka Ziwa Albert hadi Kasenyi, kisha kupanda mlima kwa lori yakiwa yamebanana, hunyeshewa njiani, na maji yaliyonaswa katikati hayapati hewa. Zinki huota ukungu mweupe, na rangi haishiki juu yake. Uondoeni kwa brashi ya nailoni na maji yenye amonia kidogo, asilimia 1 au 2, kisha suuzeni. Amonia isichanganywe kamwe na javeli, ile dawa ya klorini ya kufulia. Moshi wa mchanganyiko huo ni sumu. Na mkinunua mabati, msiyalaze chini: yainamisheni upande mmoja, mtie vijiti katikati ili hewa ipite.

Bati lililokaa juani na mvuani miaka miwili au zaidi limejijengea ngozi yake ya kijivu, ngumu, na hilo ndilo rahisi kuliko yote. Lioshwe, likauke, lipakwe. Mwenye nyumba asiye na haraka ya rangi anaweza kungoja, na mimi humshauri hivyo.

Saa ya kupaka nayo ina maana. Asubuhi ya huku bati huwa na umande hata pale jicho linapoliona kavu. Pitisheni kitambaa kwanza. Bati likiwa moto wa adhuhuri, rangi hukauka kabla haijashika. Mimi hupendelea asubuhi baada ya umande kuisha, upande ambao jua halijaufikia.

Kama nyumba inakinga maji ya kunywa, rangi isiwe na risasi hata kidogo, na maji ya mvua za kwanza baada ya kupaka yamwagwe.

Wanaochomelea mageti ya mabomba ya zinki nao wasikilize. Moto wa kuchomelea huivukisha zinki, hivyo kiungo hubaki uchi. Kisafisheni, mpake rangi yenye zinki nyingi kabla ya ile ya juu. Ule moshi mweupe huleta homa na baridi jioni hiyo hiyo, na maziwa hayauzuii. Chomeleeni nje, mkae upande upepo unakotoka, na vijana wanaowashikia bomba wakae hapo hapo.