Mpiga Kura na Swali la "Kwenu ni Wapi?"

Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano wa Mwaka, Ndabibi



Kamati imeniagiza niseme maneno machache juu ya usalama wa wapiga kura kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2027. Mimi ni karani tu, na kazi ya karani ni kuandika. Walakini jambo hili limeingia mpaka ndani ya daftari ninalolitunza, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Watu wengi wakisikia habari za kutishwa kwa mpiga kura huwaza mtu mwenye rungu amesimama mlangoni pa kituo. Hayo yapo. Lakini hapa kwetu Bonde la Ufa tisho kubwa halikuingoja siku ya kura. Lilianza mapema, kwa swali la kawaida kabisa: "Kwenu hasa ni wapi?"

Swali hilo ni la zamani. Mwezi wa Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipowachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, Mkikuyu, Membu na Mmeru hakuruhusiwa kupiga kura mpaka awe na cheti cha kushuhudia kwamba ni mtiifu kwa Serikali. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipigwa msasa na kupewa kadi za rangi ya waridi, ili waonyeshe kwamba si wageni katika nchi yao wenyewe. Lakini sina haja ya kwenda mbali, maana ardhi hii tunayoikalia ina habari yake.

Mwezi wa Oktoba 1993, miezi kumi baada ya uchaguzi wa 1992, maelfu ya watu walifukuzwa Enoosupukia wakakimbilia Maela, hapo jirani. Walikaa kambini zaidi ya mwaka. Mwezi wa Desemba 1994 wakachambuliwa, nani ni mkimbizi wa kweli na nani siye. Familia zipatazo 200 zilikubaliwa, zikapewa ardhi katika eneo hili letu. Watu wengine wapatao 2,000 walipakiwa katika malori usiku wakapelekwa Mkoa wa Kati, kwa kuwa waliambiwa kwamba huko ndiko kwao. Wamo humu waliokuwapo, nao wayajua hayo kuliko mimi niliyekuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Sasa angalieni jinsi jambo hilo linavyoivunja kura. Mpiga kura wa Kenya hupiga kura katika kituo alichojiandikisha. Akifukuzwa, hana kituo tena. Akipoteza kitambulisho katika mbio, naye hana pasipoti, hawezi hata kujiandikisha kwingine mpaka apate kingine. Hakuna sanduku lililoibwa wala karatasi iliyoghushiwa, na hata hivyo hesabu imekwisha kubadilika.

Wala tusijidanganye kwamba sisi ni wenye kuonewa daima. Tarehe 27 Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vijana mjini Naivasha walizuia njia na kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta nani ni wa kabila gani. Safari hii waliotafutwa ni Wajaluo, Waluhya na Wakalenjini. Watu 19 waliteketea katika nyumba moja, wanawake na watoto miongoni mwao. Waliopona walikimbilia kituo cha polisi na gereza. Nilikuwa mwanafunzi wakati huo, na niliona haya kusema natoka Naivasha.

Sheria yenyewe haina mashaka. Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 chamruhusu kila raia kukaa mahali popote katika Kenya, na Kifungu cha 81 chataka uchaguzi usio na jeuri wala vitisho. Kituoni utaulizwa hati ile uliyojiandikishia, basi. Marekani nako, tangu 1865, sheria yakataza watumishi wa Serikali Kuu kupeleka watu wenye silaha penye vituo vya kura, ila kumfukuza adui mwenye silaha; na siku hizi watu wa huko wanakumbushana sheria hiyo kwa ajili ya askari wa uhamiaji. Mtu mwenye bunduki, hata akinyamaza, amesema.

Basi nije kwenye daftari letu. Lina jina la mwanachama, nambari ya kitambulisho, ada aliyolipa, na safu ya nne iitwayo "Kwao kwa Asili". Walioianzisha walikuwa na nia njema: mwanachama akifariki, Chama kijue maiti isafirishwe wapi. Mwaka huu watu wawili, kwa nyakati mbalimbali, walinijia wakitaka kuliazima. Mmoja alidai ataka kuwasaidia vijana wapate kadi. Sikuwapa. Lakini mimi ni mtu mmoja, naweza kuugua, naweza kuhama, naweza hata kuogopa.

Kadhalika nasikia wako wanaokusanya vitambulisho vya watu "kuvitunza". Tusimpe mtu kitambulisho, awe mwajiri, awe mtu wa chama cha siasa, awe mzee wa Kamati hii. Vingi tulivyo navyo vimeandikwa nyuma wilaya na lokesheni, na mwenye kutaka kusoma atasoma.

Naomba safu ile ya nne ifutwe. Kila mwanachama aandike mahali anapotaka kuzikwa, atie katika bahasha, aifunge, aiweke kwake nyumbani. Mzee mmoja wa Kamati amenipinga, akasema kuificha asili ni kuikana. Namheshimu, wala sijapata jibu la kumridhisha. Nasema tu kwamba asili ya mtu ni mali yake; aitaje mwenyewe penye harusi na matanga.

Daftari ninalo hapa mezani, Bwana Mwenyekiti, na kalamu ya wino iko tayari. Naomba wanachama waulizwe.