Kodi ya Miezi Sita: Haki ya Mtafuta Nyumba Mjini



Tumepewa kusema nanyi juu ya jambo ambalo karibu kila mmoja amelipitia, au ana ndugu anayelipitia sasa: kutafuta nyumba ya kupanga katika jiji la Dar es Salaam. Wengi hulihesabu kuwa ni shida ya mtu binafsi. Unahangaika, unapata, unasahau. Sisi twasema kwamba ni jambo la haki. Tena twapenda kuonyesha mahali hasa ambapo haki hiyo inavunjika, maana hapo ndipo sisi wenyewe tunapoweza kutia mkono.

1. Hali ilivyo

Sensa ya mwaka 2002 ilikuta mkoa wa Dar es Salaam una watu wapatao milioni 2.5. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Kwa miaka 20 tu idadi imezidi mara mbili, na kila mmoja wa watu hao alihitaji mahali pa kulaza kichwa.

Serikali ilipata kujaribu kuubeba mzigo huu. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo makubwa ya kupangisha, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake ziliunganishwa na Shirika mwaka 1990. Hata hivyo nyumba hizo ni chache mno mbele ya mahitaji ya jiji. Anayewapa wengi wetu paa ni raia wa kawaida: mstaafu aliyejenga kwa kiinua mgongo chake, mjane aliyeachiwa vyumba sita vinavyotazamana na ukumbi, mchuuzi aliyenunua tofali kidogo kidogo kwa miaka kumi. Hili tuliweke wazi tangu mwanzo: mwenye nyumba si adui. Mara nyingi twaketi naye benchi moja.

2. Safari ya mtafuta nyumba

Mtu akitaka chumba humwendea dalali, aliyeketi chini ya mti penye kibao chake, au humtafuta kwa simu. Kwanza hulipa pesa ya kuonyeshwa, apende asipende atakachokiona. Aliambiwa choo kimo ndani, anakikuta uani, wapangaji wa nyumba nzima wanapokezana. Aliambiwa maji yapo, anakuta bomba kavu na madumu yamepangwa foleni. Siku nyingine hupata chumba kizuri, naye akiomba muda hadi jioni akatafute fedha, jioni huambiwa kimekwisha kulipiwa. Kesho huanza upya, na pesa ya kuonyeshwa hutoka tena.

Kisha huja maswali. Umeoa? Una watoto wangapi? Mama wa watoto wanne huambiwa chumba hiki ni cha watu wawili. Kijana asiye na mke hudhaniwa ataleta fujo, na binti anayeishi peke yake hushukiwa mwenendo kabla hajafungua mdomo. Wapo hata wanaoulizwa kabila na dini.

Anayevuka hayo yote hukuta lango la mwisho, nalo ndilo jembamba kuliko yote: kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mahali pengine ya mwaka mzima.

3. Tupige hesabu pamoja

Tuchukue mfano wa chumba na sebule cha shilingi 100,000 kwa mwezi, na mtu apataye shilingi 300,000 kwa mwezi. Kwa hesabu ya mwezi, kodi ni theluthi ya pato lake. Atabana, lakini ataweza. Sasa mwambie alipe miezi sita: ni shilingi 600,000. Dalali naye, kwa desturi ya mji, huchukua kodi ya mwezi mmoja: shilingi 100,000. Jumla ni 700,000, bado gari la kuhamisha vyombo. Mtu huyu akiweza kuweka akiba ya shilingi 50,000 kila mwezi, atahitaji miezi 14 ili afike mlangoni. Katika miezi hiyo 14 alale wapi?

Mshahara hulipwa baada ya kazi, bali kodi hulipwa kabla ya kulala. Katikati ya malipo hayo mawili ndipo maskini anapotumbukia. Katika soko la namna hii chumba hakimwendei mwenye shida kubwa zaidi, wala anayeaminika kulipa vizuri. Humwendea mwenye fedha taslimu leo hii. Asiye nazo hukopa ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, au huendelea kubanana kwa ndugu, au husogea mbali zaidi na kazi yake: akishindwa Sinza huenda Kimara, akishindwa Kimara huenda Kibamba, na nauli inakula kile alichookoa kwenye kodi.

Tena, akishalipa miezi sita, ulimi wake umefungwa. Bati likivuja, maji yakikatwa, atasema nini? Fedha yake imekwisha ingia, hana nyingine ya kuhamia kwingine. Na miezi sita ikitimia, mzigo uleule humrudia wote kwa siku moja, mara nyingi Januari, wakati watoto wanadai sare na madaftari.

4. Sheria inasema nini

Palikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Nyumba ya mwaka 1984, iliyoweka mipaka ya kodi na kumlinda mpangaji asifukuzwe ovyo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi na namna ya kuilipa vimeachiwa zaidi mapatano ya watu wawili: mmoja ana ufunguo, mwingine ana mizigo barabarani. Mapatano ya namna hiyo hayawezi kuitwa huru kwa ukamilifu.

Hata hivyo mpangaji hakuachwa bila pa kwenda. Mkataba ulioandikwa una nguvu mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na Baraza la Kata linaweza kuwasuluhisha waliogombana. Lakini baraza huuliza ushahidi. Asiye na mkataba wala risiti atasimama hapo na maneno matupu.

Liko na jambo jingine. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme aghalabu ni mpangaji. Yafaa basi wawili hao waandike katika mkataba kwamba fedha hiyo itapunguzwa katika kodi ya pango. Ni kiasi kidogo, lakini haki haipimwi kwa ukubwa wa noti.

5. Tumsikilize na mwenye nyumba

Tukimwuliza mwenye nyumba kwa nini anataka miezi sita, atatupa sababu za kweli. Alijenga bila mkopo wa benki, na kodi ya mkupuo ndiyo inayomnunulia bati la vyumba viwili vilivyobaki. Amewahi kupata mpangaji aliyehama usiku, akamwachia deni la maji na kitasa kilichovunjwa. Akilipwa kidogo kidogo, asema, fedha huishia sokoni.

Sababu hizi ni nzito, lakini hakuna hata moja inayotibiwa na miezi sita peke yake. Anayeogopa uharibifu aweza kuomba amana ya mwezi mmoja, irudishwe mpangaji akikabidhi chumba kizima. Anayeogopa mtu asiyemjua aweza kuomba mdhamini. Ama kumtoza mgeni leo gharama ya ujenzi wa kesho, huko ni kumkopa maskini bila riba na bila idhini yake.

Dalali naye ni kijana asiye na mshahara, naye anastahili ujira. Lakini ujira wake hutoka kila mpangaji anapohama, wala hapati kitu wapangaji wakitulia. Ndiyo maana hatuwezi kumwachia yeye peke yake kazi ya kukutanisha watu na nyumba.

6. Yatupasa kufanya nini

Mwaka 1987, uliotengwa kimataifa kwa ajili ya wasio na makao, Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa waraka juu ya tatizo la makazi, ikafundisha kwamba nyumba si bidhaa tu, bali ni hitaji la msingi la mtu na jamaa yake. Fundisho hilo twaweza kulitenda bila kungoja bunge.

La kwanza, wenye nyumba waliomo katika jumuiya zetu wapokee kodi kwa mwezi, au isizidi miezi mitatu, hasa kwa mpangaji ambaye jumuiya inamfahamu na kumdhamini.

La pili, pasiwe na kupanga bila maandishi. Karatasi moja yatosha: kiasi cha kodi, tarehe, nani analipa maji na umeme, muda wa notisi, sahihi za wote wawili na shahidi. Kila malipo yapewe risiti.

La tatu, kila jumuiya iwe na daftari la vyumba vilivyo wazi. Mwenye chumba aandikishe, mwenye shida aulize, bila pesa ya kuonyeshwa. Na chumba kikitangazwa humo, asikataliwe mtu kwa sababu ya wingi wa watoto, wala kabila, wala dini.

La nne, jumuiya zianzishe mfuko wa kuwekeana akiba ya kodi, ili anayehama asikimbilie kausha damu.

La tano, wapangaji watimize wajibu wao. Anayelipiwa dhamana na jumuiya akatoroka na deni huwafungia mlango wale wote wajao nyuma yake.

Mkirudi katika jumuiya zenu, anzeni na maswali mawili. Ni nani katikati yetu anatafuta mahali pa kuishi wiki hii? Na ni nani ana chumba kitupu? Huenda watu hao wawili wameketi jirani, na kilichowatenganisha ni hiyo miezi sita tu.