Uhuru Park Ilikuwa ya Nani?

Leo hatutasafiri mbali. Hatuendi kwenye ngome ya Wareno wala kwenye magofu ya kale. Tutashuka tu kwenye matatu katikati ya Nairobi, tuvuke barabara kuu ya Uhuru Highway tukishikana mikono, tuingie Uhuru Park.

Nyumbani kwa mama yangu kuna picha ya rangi iliyoanza kufifia pembeni. Ni ya mwaka 1986. Mimi ni mtoto wa miaka sita, nimevaa viatu vipya vilivyonibana, nimesimama kando ya ziwa dogo la Uhuru Park. Baba ameniwekea mkono begani. Nyuma yetu ng'ambo ya maji kuna nyasi, kisha miti, kisha mnara wa KICC umechomoza mbinguni. Picha hiyo, msikilizaji, huenda hata wewe unayo. Familia nyingi za Nairobi zinayo, na za Murang'a, za Kakamega, za Machakos, kwa sababu mgeni akija mjini kutoka mashambani alipelekwa pale. Alinunuliwa soda na njugu, akapigwa picha, akarudi nyumbani na ushahidi kwamba Nairobi ameiona.

Siku ile tulikodi mashua. Baba alilipa kwenye kibanda, tukapewa mashua yenye namba iliyopakwa rangi ubavuni, na makasia mawili mazito kuliko mimi. Baba hakuwa mtu wa maji. Alikuwa karani, mzaliwa wa milimani, na mashua yetu ilizunguka mahali pamoja kama kuku aliyekatwa kichwa. Wakati ulipokwisha, msimamizi alipuliza filimbi na kuita namba yetu kwa sauti. Baba alijifanya hasikii. Alitaka nipate dakika mbili zaidi. Miaka mingi imepita, na dakika mbili hizo bado ninazo.

Nawasimulia haya kwa sababu historia ya bustani ya umma huanzia hapo, kwa mtu wa kawaida siku yake ya mapumziko. Leo nataka tuulize swali moja tu: bustani ile ni ya nani? Swali hilo lilifika mahakamani, na jibu lililotolewa siku ile linaumiza hadi leo.

Tuanze na mwanzo wake. Mzee Jomo Kenyatta aliifungua Uhuru Park rasmi mwezi Mei mwaka 1969, zaidi ya miaka mitano baada ya Kenya kupata uhuru. Ni karibu hekta 13 za nyasi, miti na maji, chini ya kilima, upande wa magharibi wa katikati ya mji. Wengi huichanganya na Uhuru Gardens, basi tuliweke sawa. Uhuru Gardens iko kwenye barabara ya Lang'ata, na ndipo bendera ya Kenya ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Uhuru Park ndiyo hii ya mjini, unayoweza kuifikia kwa miguu ukitoka kazini.

Kwa nini serikali changa ilijali nyasi, wakati shule na hospitali zilikuwa bado chache? Kumbuka mji ule ulivyokuwa. Nairobi ya kikoloni iligawanywa kwa rangi: Wazungu sehemu zao zenye miti na hewa, Wahindi zao, na Mwafrika akasukumwa upande wa mashariki, akaishi katika vyumba vya kubanana na kutembea na kipande, cheti cha utambulisho, shingoni. Barabara inayopita kando ya bustani hiyo iliitwa Princess Elizabeth Way kabla ya kuitwa Uhuru Highway. Kenyatta Avenue ilikuwa Delamere Avenue. Kwa hiyo bustani iliyo wazi kwa kila mtu, katikati ya mji huo huo, ilikuwa na maana kubwa. Mfanyakazi wa nyumbani angeweza kulala chali kwenye nyasi saa sita mchana Jumapili, na asiulizwe na askari ana shughuli gani pale.

Watu waliielewa maana hiyo na kuitumia. Wapiga picha walitafuta riziki pale. Wahubiri wa saa za chakula cha mchana walisimama chini ya miti. Wachumba walikaa wakiambiana mambo yao. Watu wasio na nauli ya kurudi nyumbani adhuhuri walipumzisha miguu. Mwezi Agosti 1985 umati mkubwa ulijaa pale kwa misa ya Papa Yohane Paulo wa Pili. Jumapili iliyofuata watoto walirudi kwenye bembea zao.

Sasa twende mwaka 1989.

Chama kilikuwa kimoja tu, KANU, na gazeti lake liliitwa Kenya Times. Mwaka huo kukawa na mpango wa kujenga ndani ya Uhuru Park jengo la ghorofa 60. KICC, ambalo lilitushangaza sote kwa urefu wake, lina ghorofa 28. Jengo jipya lingekuwa na makao makuu ya chama, ofisi za gazeti, kumbi, maduka, maegesho ya magari 2,000, na mbele yake sanamu kubwa ya rais wa wakati huo. Gharama ilikadiriwa kuwa dola milioni 200 za Marekani, na sehemu kubwa ya fedha hizo ingekopwa nje.

Habari hizo zilimfikia Profesa Wangari Maathai kupitia kwa mwanafunzi kijana wa sheria. Tunamjua mama huyo kwa miti. Mwaka 1977, siku ya mazingira duniani, yeye na wenzake walitembea kutoka KICC hadi uwanja wa Kamukunji, wakapanda miti saba kuwakumbuka mashujaa wa jamii mbalimbali za Kenya. Hapo ndipo shirika lake, Green Belt Movement, lilipoanza, na lilianza kwenye uwanja wa umma. Kwa hiyo aliposikia kwamba uwanja wa umma unachukuliwa, alijua kinachopotea.

Alichofanya kwanza ni kuandika barua. Tarehe 3 Oktoba 1989 alimwandikia mkurugenzi wa gazeti lile kuuliza kama habari hizo ni za kweli. Hakujibiwa. Akaandika kwa ofisi za serikali, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, na kwa balozi wa Uingereza, akiuliza kama wananchi wa London wangekubali jengo kama hilo lijengwe Hyde Park. Nawaomba mzingatie jambo hilo, wasikilizaji. Hakuwa na jeshi wala redio. Alikuwa na karatasi, stempu, na swali.

Majibu yalikuja kwa njia nyingine. Bungeni mwezi Novemba wabunge walimkejeli kwa sababu alikuwa ameachana na mumewe. Shirika lake liliamriwa kuondoka katika ofisi ya serikali lililokuwa likitumia. Na Desemba 12, sikukuu ya Jamhuri, rais mwenyewe, akihutubia papo hapo Uhuru Park, alisema mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza.

Kabla ya hapo Wangari alikuwa amekwenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi usimamishwe. Na hapa ndipo swali letu linapofika: bustani ni ya nani? Mahakama iliitupa kesi yake. Haikuhitaji hata kupima kama jengo lile lilikuwa zuri au baya. Ilisema hana haki ya kushtaki, kwa sababu hakuonyesha madhara yoyote yaliyompata yeye binafsi. Bustani haikuwa shamba lake, wala ukuta wake haukuvunjwa. Kwa maneno mengine, mali ikiwa ya watu wote, hakuna mtu mmoja anayeweza kusimama kuitetea.

Tafakari hukumu hiyo. Baba yangu, karani yule mwenye makasia, naye asingekuwa na haki. Wala mpiga picha, wala muuza njugu. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na siku ile sheria nayo ilipisha.

Lakini barua zilikuwa zimekwisha kusafiri. Wananchi wakaanza kuandika magazetini. Wafadhili wa nje wakauliza nchi yenye madeni inakopa fedha za mnara kwa sababu gani. Mapema mwaka 1990 serikali ikatangaza kwamba mradi utapunguzwa. Hatimaye mradi ukaachwa, na mwanzoni mwa mwaka 1992 uzio uliozungushiwa eneo lile ukang'olewa. Watu wakarudi kwenye nyasi zao.

Ushindi huo ulijaribiwa upesi. Mwishoni mwa Februari mwaka huo huo wa 1992, akina mama wazee kutoka vijijini walifika kwenye pembe moja ya bustani na mablanketi yao. Vijana wao walikuwa gerezani kwa sababu za kisiasa, na mama hao walidai wafungwa 52 waachiliwe. Walikaa chini, wakagoma kula, na pembe ile ikapata jina ambalo hakuna ofisi iliyolibuni: Freedom Corner, pembe ya uhuru. Wapita njia wakaanza kusimama kusikiliza. Mtu mmoja mmoja alijitokeza na kusimulia jinsi alivyoteswa, hadharani, jambo ambalo hapo awali lilisemwa kwa kunong'ona. Tarehe 3 Machi polisi walikuja na mabomu ya machozi na virungu. Wangari Maathai alipigwa hadi akapoteza fahamu. Na baadhi ya akina mama wale wakavua nguo mbele ya askari. Katika mila zetu hiyo ni laana nzito, mama kumwonyesha uchi kijana wa umri wa mwanawe. Askari waligeuza nyuso.

Walipofukuzwa bustanini, walihamia kanisa la All Saints lililo jirani, wakaendelea kukesha kwa karibu mwaka mzima. Karibu wafungwa wote waliachiliwa mapema mwaka 1993.

Na msidhani ni Uhuru Park peke yake. Umbali wa kutembea tu kutoka pale kuna Jeevanjee Gardens, bustani ndogo aliyoipa Nairobi mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1906. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kujenga pale maegesho ya ghorofa. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama na wananchi kuupinga, na hadi leo watu hulala kwenye viti vya bustani ile saa ya chakula cha mchana.

Sasa tuone mwisho wa swali letu. Tarehe 30 Desemba 2002, Mwai Kibaki aliapishwa kuwa rais Uhuru Park, mbele ya umati mkubwa. Na tarehe 27 Agosti 2010, kwenye nyasi hizo hizo, alitia sahihi Katiba mpya ya Kenya. Fungua Ibara ya 42: kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Kisha soma Ibara ya 70. Inasema anayekwenda mahakamani kutetea haki hiyo hahitaji kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au madhara.

Hahitaji, msikilizaji. Mlango aliofungiwa Wangari mwaka 1989 ulifunguliwa na Katiba yenyewe baada ya miaka 21, na Katiba hiyo ikatiwa sahihi katika bustani ile ile aliyoambiwa haimhusu.

Yeye alifariki mwezi Septemba 2011. Alikuwa ameomba asikatiwe mti kwa ajili ya jeneza. Basi lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, na tarehe 8 Oktoba likapelekwa Freedom Corner, taifa likamuaga hapo.

Kuna msemo wa Kiswahili: mali bila daftari hupotea bila habari. Bustani ni mali ambayo haina daftari la faida. Haiuzi kitu, haitoi risiti, na mtu mwenye tamaa akiitazama huona kiwanja kitupu kinachosubiri jengo. Daftari lake ni sisi. Mwaka 2021 Uhuru Park ilifungwa kwa ukarabati mkubwa, na wakazi wakakaa muda mrefu nje ya uzio. Nilifurahi nilipowasikia watu wakiuliza kwenye matatu na sokoni: itafunguliwa lini, na miti je? Maswali hayo ni ya mtu mwenye mali anayeuliza habari za mali yake.

Naiangalia tena picha ya mwaka 1986. Zamani niliangalia viatu vyangu, na uso wa baba. Siku hizi natazama nyuma yetu, ule uwazi kati ya maji na mji. Jengo ambalo halikujengwa haliwekewi jiwe la ukumbusho. Ushahidi wake ni nyasi, na mtoto anayekimbia juu yake bila kujua. Jumapili ukimpeleka mwanao pale, mkodishie mashua kama zipo. Filimbi ikilia, jifanye husikii kidogo. Kisha mkirudi nyumbani, mweleze bustani ile ni ya nani.