Dawa ya Maji Haikai Juani: Kutunza Tangi, Birika na Bwawa la Nyumbani

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya wakazi wa Garsen. Tunayachapisha kwa faida ya wasomaji ambao hawakuwepo.

   

Nimeombwa nizungumze juu ya maji tunayoyaweka nyumbani. Nianze kwa kukiri kwamba mimi ni mwandishi wa habari, si daktari wala mkemia. Nitakayosema nimeyapata kwa maafisa wetu wa afya ya umma, ambao kazi yangu ni kuwafuata na kuandika wanayoyafanya. Sehemu nyingine nimejifunza kwa kukosea kwangu mwenyewe.

Nyuma ya nyumba yangu pana birika la saruji. Halikuwa na kifuniko. Baada ya mafuriko nilipata klorini, Jumatatu asubuhi nikaitia, nikajiona nimemaliza kazi. Wiki nzima tukachota na kunywa. Alhamisi mtoto wangu akaanza kuharisha. Nikampeleka hospitali, na nikamwambia afisa wa afya kwa kujiamini kabisa kwamba maji ya kwangu yana dawa. Akaniuliza, "Dawa ya lini?" Nikamjibu ya Jumatatu. Akanitazama, akasema, "Ndugu yangu, dawa hiyo iliondoka Jumatatu hiyo hiyo, kabla hujarudi kazini."

Mtoto alipona, alhamdulillahi. Lakini swali lile sijalisahau, na ndilo nimewaletea leo. Dawa ya maji si chanjo. Huitii mara moja ukawa umekingwa. Katika jua kama hili letu inatoweka, na maji yanabaki vile vile, masafi kwa macho na mabaya kwa tumbo.

Jua linavyoila dawa

Mkitaka kuielewa klorini, tazameni mabwawa ya kuogelea ya hoteli za Malindi na Watamu. Maji ya mle yanapimwa kila siku, na yule mfanyakazi hachoki kuongeza dawa. Sababu kubwa ni jua. Miale yake inaivunja klorini. Kwenye maji maangavu yaliyo wazi, nusu ya klorini inaweza kutoweka kwa muda wa kama nusu saa ya jua kali, na baada ya saa mbili au tatu kinachobaki ni kidogo sana. Ndiyo maana wenye mabwawa hutia kiungo kingine, asidi ya sayanuriki, kinachoilinda klorini isiliwe na jua upesi.

Hapa niseme jambo la tahadhari. Vile vidonge vikubwa vya bwawa vinavyouzwa madukani vimetengenezwa kwa ajili ya maji ya kuogelea. Usivitie kwenye tangi la kunywa, hata kama jirani amekwambia ni klorini ile ile. Maji ya kunywa yana dawa yake.

Jua si mlaji pekee. Joto nalo linaharakisha klorini kwisha. Kisha upo uchafu. Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya, takribani kilomita 1,000 kutoka milimani mpaka Kipini, na njiani unabeba udongo wa watu wengi. Maji yakifika kwetu yana rangi ya chai ya maziwa. Ukitia klorini kwenye maji hayo, inatumika kupigana na tope na majani, na vijidudu vinabaki salama wamejificha ndani ya udongo. Hata saruji mpya inaila nguvu, kwa sababu chokaa yake inayageuza maji yakawa makali, na klorini kwenye maji ya namna hiyo hufanya kazi kivivu. Mwenye birika jipya alijaze, aliache siku kadhaa, alimwage, na arudie, kabla ya kulitegemea.

Hatari si ya kinadharia kwetu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 ulifika hadi kaunti hii. Mafuriko ya mwisho wa 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yaliingia mashambani, majumbani na kwenye vyoo. Maji yakishapita chooni na kufika kisimani, kuyatazama kwa macho hakutoshi.

Tia dawa kwenye mtungi

Sasa tufanye nini? Wengi wetu tunadhani suluhisho ni kumwaga dawa nyingi birikani. Tufanye hesabu. Birika la urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha mita 1 ni lita 2,000, yaani mitungi 100 ya lita 20. Familia inakunywa mtungi mmoja au miwili kwa siku. Mingine yote ni ya kufua, kuoga na mifugo. Ukitibu birika zima lililo wazi, unatibu mitungi 98 usiyoinywa, na jua linakunyang'anya dawa kabla hujafika kwenye ile miwili.

Kwa hiyo, kama birika lako halina kifuniko, dawa ya kunywa itie kwenye mtungi, ndani ya nyumba, kivulini. Utaratibu ni huu.

Kwanza, yatulize maji. Yaache kwenye ndoo mpaka tope litue chini. Wanaotumia shabu, zungusha kipande kidogo, koroga polepole, acha litue. Mbegu za mronge zilizotwangwa nazo hukusanya tope vizuri. Kisha mimina maji ya juu kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Lakini mnisikie vizuri: shabu, mronge na kitambaa vinaondoa tope, haviui kipindupindu. Maji yaliyong'aa bado hayajatibiwa.

Pili, tia dawa kwa kipimo kilichoandikwa. Tembe zinazogawiwa mara nyingi zina miligramu 67, na moja ni ya lita 20. Ziko za vipimo vingine, basi soma karatasi, au mwombe kijana wa shule akusomee. Dawa ya chupa hupimwa kwa kifuniko chake, si kwa kukadiria.

Tatu, funika na usubiri dakika 30. Tembe ikiyeyuka haina maana kazi imekwisha. Vijidudu havifi kwa kuona dawa, vinakufa kwa kukaa nayo.

Nne, tumia ndani ya saa 24. Kesho ni mtungi mwingine na dawa nyingine. Chota kwa kata yenye mkono mrefu au tumia chombo chenye mfereji, vidole visiguse maji.

Wapo wanaolalamika kwamba maji yananuka dawa. Harufu hafifu baada ya nusu saa ni habari njema. Inaonyesha klorini imemaliza kazi na nyingine imebaki ya kulinda. Maafisa wetu wana kipimo kidogo kinachogeuza maji kuwa ya rangi ya waridi. Wanatafuta miligramu 0.2 hadi 0.5 ya klorini iliyobaki kwa kila lita. Wakija nyumbani kwako na kichupa hicho, wakaribishe. Hawakuji kukukagua wewe, wanakagua maji.

Kifuniko ni dawa pia

Mwenye tangi au birika lenye kifuniko ana nafuu kubwa. Giza linazuia ule utando wa kijani unaoteleza, kwa sababu mimea hiyo midogo haioti bila mwanga. Tangi jeusi lililofungwa vizuri, likawekwa chini ya kivuli cha mwembe au banda la makuti, linatunza maji kuliko tangi la bei kubwa lililoachwa wazi. Mwembe ukiwa juu, basi safisha gata mara kwa mara, na mvua ya kwanza iache ipite, maana inaosha paa na kinyesi cha ndege.

Hata hivyo, kifuniko si cha klorini tu. Mwaka 2004 majirani zetu wa Lamu walipata homa ya chikungunya. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa takribani robo tatu ya wakazi wa kisiwa waliambukizwa. Mvua ilikuwa imekosekana, watu wakaweka maji majumbani, na mbu wakazaliana humo humo. Mbu huyo hahitaji kinamasi. Pipa lako linamtosha. Kwenye joto letu, yai linaweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi. Tena hutaga pembeni, juu ya mstari wa maji, na mayai yake huvumilia ukavu kwa miezi. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kila wiki pipa lisuguliwe kuta zake kwa brashi, kisha lisuuzwe.

Na sababu ya tatu ya kifuniko ni mtoto. Wazazi wanaogopa mto kwa sababu ya mamba, na wana haki. Lakini mtoto wa miaka miwili anaweza kuzama kwenye ndoo, kimya kimya, mama akiwa jikoni. Birika lisilo na kifuniko ni mto ulioletwa uani. Kama huna mfuniko wa chuma, mbao nzito zinatosha, mradi mtoto asiweze kuziinua.

Jua hilo hilo linaweza kuwa rafiki

Nimelisema jua vibaya, sasa nilitendee haki. Siku ambayo huna tembe wala kuni, chukua chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita mbili, isafishe, jaza maji yaliyokwisha kutulizwa mpaka yakaangaza. Ilaze juu ya bati tangu asubuhi, ikae saa sita za jua kamili. Siku ya mawingu, iache siku mbili mfululizo. Miale ile ile inayoharibu klorini inaharibu na vijidudu. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wa Kimaasai hapa nchini, na waliokunywa maji ya chupa za juani waliharisha kidogo kuliko wenzao. Maji yenye tope hayafai kwa njia hii, kwa sababu mwanga haupenyi. Na njia hii ni ya chupa. Birika halitibiwi na jua.

Kwa wenye mabwawa ya kuogelea

Najua wapo wachache kati yetu, na wenye nyumba za wageni, waliojenga au wanaofikiria kujenga bwawa. Sheria ni zile zile. Tia klorini baada ya jua kutua, si saa sita mchana, ili ifanye kazi usiku kucha. Pima kila siku. Klorini iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na kipimo cha ukali wa maji, yaani pH, kiwe kati ya 7.2 na 7.8. Pampu na chujio vifanye kazi kila siku, na bwawa lifunikwe wakati halitumiki, kwa sababu jua na upepo vinakausha maji mengi ambayo hapa kwetu ni mali. Ile harufu kali inayochoma macho wengi wanadhani ni dalili ya usafi. Ukweli ni kwamba inatokana na klorini iliyochanganyika na jasho na mkojo. Na kama huwezi kuiona sakafu ya upande wenye kina, mtu asiingie. Zungushieni uzio wenye lango linalojifunga.

Tahadhari ya mwisho juu ya dawa yenyewe. Usichanganye klorini na sabuni ya choo wala asidi yoyote, kwani hutoa hewa yenye sumu. Ile ya unga, tia unga kwenye maji, usimwagie maji juu ya unga. Iweke mahali pakavu, mbali na watoto na mafuta. Na kama unataka kutibu tangi zima, usikadirie kwa konzi. Tangi la lita 1,000 lenye maji maangavu linahitaji takribani gramu 3 tu za klorini kali ya unga, chini ya kijiko cha chai. Mwite afisa wa afya ya umma akupimie.

Nimalizie hivi. Mtu akiharisha maji matupu kama ya mchele, usingoje kupambazuke. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo, na mwondoke kwenda kituo cha afya huku anaendelea kunywa. Kipindupindu kinaua kwa saa, lakini kinatibika.

Na leo jioni ukifika nyumbani, kabla hujanywa, jiulize lile swali nililoulizwa mimi. Dawa ya lini? Kama jibu si leo, basi tafuta tembe, funika mtungi, na usubiri nusu saa.