Hoja ya Tuzo ya Kumbukumbu ya Mama Mkubwa
Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Toronto



Awali ya yote nawapa pole ya safari wale waliotoka mbali, Muscat, Mombasa, Leicester na Minneapolis. Katibu amenitaka niseme maneno machache juu ya tuzo tunayokusudia kuianzisha kwa kumkumbuka marehemu Mama Mkubwa. Nitajitahidi yawe machache, ingawa wanaonijua naona wameanza kucheka.

Katika mkutano uliopita palitolewa rai kwamba tuzo hiyo apewe kila mwaka kijana wa ukoo aliyepata alama za juu kuliko wenziwe. Walioitoa nawaheshimu, na nia yao ni njema. Mimi hata hivyo sikubaliani nao. Aliyeshinda mtihani amekwisha tuzwa na huo mtihani, na Mama Mkubwa mwenyewe hakuwa na shahada hata moja. Alichokuwa nacho ni ukaidi wa kwenda kukaa katika vikao ambavyo sisi wengine tuliviona si vyetu, akadai vitabu na kiti cha kusomea kwa ajili ya watoto wa jirani asiowajua majina.

Ukaidi huo alitoka nao Mombasa. Wazee waliopo hapa wanakumbuka kwamba mji ule ulipata maktaba ya umma mapema sana, mwaka 1903, ilipofunguliwa maktaba na chumba cha kusomea bure kwa jina la Seif bin Salim. Bara zima la Afrika ya Mashariki lilikuwa bado halijawa na huduma ya maktaba ya serikali. Ya Kenya iliwekwa kwa sheria mwaka 1965, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1967. Kwa hiyo kulifungamanisha jina la mtu na mlango wa vitabu si jambo tulilolikuta huku ughaibuni.

Tuliyoyakuta huku nayo yana historia yake. Maktaba ya Toronto haikushuka kutoka mbinguni. Ilipiganiwa na diwani mmoja, John Hallam, mfanyabiashara wa ngozi na sufu, mhamiaji kutoka Chorley, Uingereza, aliyeanza kufanya kazi katika kiwanda cha pamba angali mtoto na ambaye shule aliionja tu. Wapiga kura waliikubali hoja yake siku ya mwaka mpya wa 1883, na milango ikafunguliwa tarehe 6 Machi 1884. Namtaja kwa kuwa alikuwa mgeni kama sisi, na kwa kuwa, kama Mama Mkubwa, alipigania kitu alichokikosa utotoni.

Yuko pia Bi. Rita Cox, mzaliwa wa Trinidad, msimulizi wa hadithi, aliyeliongoza tawi la Parkdale kuanzia mwaka 1974 hadi 1995. Yeye ndiye aliyesimama nyuma ya mkusanyo wa vitabu vya urithi wa watu weusi na wa Karibi, ulioanzishwa mwaka 1973. Leo mkusanyo huo unaitwa kwa jina lake, na unapatikana Parkdale, Malvern, York Woods na Maria A. Shchuka. Mtoto wetu akiingia humo hukuta watu wenye sura yake wameandikwa vitabuni. Mzazi aliyelea hapa anajua thamani ya jambo hilo; sina haja ya kulieleza zaidi.

Sasa nije mwaka 2011. Wakati wa Meya Rob Ford, washauri walioajiriwa na jiji walitaja kufungwa kwa baadhi ya matawi kuwa njia mojawapo ya kubana matumizi. Mwandishi Margaret Atwood alipowahimiza watu watie saini waraka wa kupinga, mtambo uliokuwa ukipokea saini ulizidiwa. Kisha kikaja kikao cha kamati kuu ya jiji, tarehe 28 Julai. Watu zaidi ya 300 waliandikisha majina ili wazungumze, na kikao kikaendelea usiku kucha mpaka asubuhi ya pili.

Mama Mkubwa alikuwa mmoja wao. Alikwenda na chupa ya chai ya tangawizi, mkate wa mofa na tasbihi yake, akangoja zamu hadi saa nane za usiku. Mimi nilimsihi turudi nyumbani. Akanijibu: “Nenda kalale wewe, mwanangu. Mimi nimeshaandikwa jina.” Alipoitwa alizungumza dakika chache, Kiingereza chake kikiwa na lafudhi ya Mji wa Kale. Aliwaambia kwamba barua zote alizoandikiwa na serikali yao alijifunza kuzisoma maktabani, na kwamba maktaba ikifungwa wajukuu zake watasomea ngazini, penye taa mbovu. Hakuongeza neno. Akashukuru, akaketi.

Matawi ya mitaani hayakufungwa. Ilifungwa maktaba ndogo ya masuala ya miji iliyokuwa Metro Hall, na Januari 2012 Baraza la Jiji likarudisha sehemu ya fedha zilizokuwa zikatwe. Siwezi kudai kwamba ni yeye aliyewageuza. Walikuwa mamia. Lakini mamia ni mtu na mtu, na mmoja wao alikuwa wetu.

Jiji lenyewe liliwahi kuweka tuzo kwa jina la William Peyton Hubbard, mwokaji mikate, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa diwani Toronto, mwaka 1894. Nasi tuweke yetu. Napendekeza dola 500 za Kanada kila mwaka, apewe mtu wa ukoo, au jirani aliyependekezwa na mtu wa ukoo, aliyeitumikia maktaba ya umma popote alipo: amekaa kwenye bodi, amekusanya saini, amewapeleka wageni kuchukua kadi, amesimama mbele ya madiwani. Nusu awe huru nayo. Nusu inunulie vitabu maktaba atakayoitaja. Wa Mombasa wasijione wamesahauliwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka maktaba mikononi mwa kaunti, na kaunti hulazimika kuwasikiliza wananchi kuhusu bajeti. Huko nako kuna zamu ya kungojwa.

Vijana wenye alama za juu nao wanaweza kuipata. Waende tu kikaoni.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hoja naiweka mezani. Namwomba Katibu ahesabu mikono sasa hivi, kabla biriani haijaletwa.